Kiingereza Chenye Viungo

Natumaini mitihani imepita salama na wale waliokuwa wanaogopa kudisko sasa wanapumua. Mwenzenu leo sikuja na mambo ya pampu na mabomba kama mlivyonizoea. Nimekuja na somo la lugha, na somo lenyewe nimelilipia ada mwenyewe, tena ada kubwa. Sikilizeni kwanza kisa, halafu tuingie darasani.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Doha. Msimamizi wangu alikuwa ametuahidi sisi wanafunzi wake watatu kutupeleka kwenye mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, tukachukue vipimo. Kama mnavyojua, Qatar haina mto hata mmoja, na maji tunayotumia majumbani karibu yote yanatoka baharini. Kwa mtu anayesoma mambo ya pampu, kuingia kwenye mtambo kama ule ni bahati isiyokuja kila wiki. Kilichobaki kilikuwa kibali tu. Jumatano jioni profesa akatuandikia barua pepe fupi, na mwisho wake ulisema: "As for Thursday, let's play it by ear."

Nikaisoma mara tatu. "Ear" ni sikio, hilo nalijua tangu shule ya msingi. Sikio na simu ni majirani. Nikahitimisha kihandisi kabisa: atapiga simu. Alhamisi, ambayo huku ndiyo siku ya mwisho ya wiki ya kazi, nikabaki chumbani na simu niliyoichaji mpaka ikajaa. Hata bafuni niliingia nayo. Saa nne kimya. Saa saba kimya. Wenzangu wawili, mmoja Msudani na mwingine Mhindi, walikwenda maabara asubuhi kama kawaida. Kibali kilipofika saa nne na nusu profesa akawakuta pale pale, wakapanda gari wakaenda zao.

Jumapili akaniita ofisini kwake. Ofisi yenyewe ina kiyoyozi cha kugandisha samaki. Akaniuliza kwa upole, "Did you get cold feet?" Mwenzenu nikatazama viatu vyangu, nikajibu kwa adabu zote, "Yes, Professor, a little. It is the AC."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameniuliza kama niliingiwa na woga nikaghairi safari, nami nikakubali! Vipimo vya siku ile vikawa sehemu ya makala ya utafiti. Majina ya wenzangu wawili yapo, langu halipo. Na ripoti yangu ya muhula ule ikasema nahitaji kujituma zaidi. Mimi, niliyeingia na simu mpaka bafuni!

Mnajua kilichoniponza? Si ujinga wa Kiingereza. Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Kilichoniponza ni kwamba maneno yote matano nilikuwa nayajua, tena yote ni ya silabi moja moja. Nikaona aibu kumuuliza profesa maana ya maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayajua. Laiti ingekuwa neno gumu la Kilatini, ningefungua kamusi. Basi somo letu zima la leo liko hapo: neno usilolijua halikudhuru sana, maana utaliuliza. Linalokudhuru ni lile unalodhani umelijua.

KWANZA TUELEWANE: NAHAU NI NINI?

Nahau ni fungu la maneno lenye maana moja, na maana hiyo huipati kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Kwa lugha ya uhandisi, jumla haitoki kwenye vipande. Ukiifungua kama injini ili uone kila kipande kinafanya nini, utabaki na vipande mezani na gari haliendi.

Tusiwacheke Waingereza, kwani sisi wenyewe tumejaa hizo hizo. Mtu mwenye mkono wa birika hana birika popote, ni mchoyo tu. Aliyepiga moyo konde hakujipiga ngumi kifuani, amejipa ujasiri. Aliyesema "miguu niponye" ametimua mbio. Mkavu wa macho haendi kwa daktari wa macho, huyo hana haya. Na maneno ya kukata maini hayahitaji kisu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia yote haya kwa siku moja atadhani tunaishi machinjioni.

Kwa nini lugha hupenda viungo vya mwili? Kwa sababu kila mtu anavyo. Mkulima, nahodha na profesa, wote wana mkono na moyo. Lakini kila watu wamekipa kila kiungo kazi yao. Ndiyo maana nimezigawa nahau hizi katika makundi matatu, kulingana na umbali wake na Kiswahili chetu.

KUNDI LA KWANZA: NDUGU WA DAMU

Hizi zinafanana na zetu kwa sura na kwa maana. Zitumieni bila wasiwasi.

"Shoulder to shoulder" ni bega kwa bega.

"Turn your back on someone" ni kumpa mtu mgongo, au kisogo kama wasemavyo wengine.

"Learn by heart" ni kuhifadhi kwa moyo. Hapa Mwingereza na Mswahili wote wameweka kumbukumbu moyoni, ingawa daktari atawaambia iko kichwani.

"Lose heart" ni kufa moyo, na "take heart" ni kujipa moyo.

"A slip of the tongue" ni ulimi kuteleza. Wazee wetu walikwisha kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

"Have a hand in something" ni kuwa na mkono katika jambo fulani, na mara nyingi jambo lenyewe si zuri.

"Turn a blind eye" ni kulifumbia jambo macho. Nahau hii husimuliwa pamoja na kisa cha Nelson, amiri wa majeshi ya majini ya Uingereza, ambaye jicho lake moja liliharibika vitani mwaka 1794. Inasemekana mwaka 1801, kwenye vita vya Copenhagen, mkubwa wake alimpa ishara ya kurudi nyuma, naye akaiweka darubini kwenye jicho bovu akasema haoni ishara yoyote. Bosi wako akikuambia "don't turn a blind eye to that leak", anakutaka usijifanye hujauona uvujaji ule.

KUNDI LA PILI: WANAOFANANA SURA TU

Hapa ndipo penye mitego, ndugu zangu. Sura ni ile ile, tabia ni nyingine. Kundi hili huwaumiza zaidi wanaojua Kiingereza kuliko wasiokijua.

Mkono. Kwetu "nipe mkono" ni salamu, na kumpa mtu mkono wa pole ni kumfariji katika msiba. Kwa Mwingereza "give me a hand" ni nisaidie. Fundi wa maabara akikuambia hivyo huku amebeba mota ya kilo thelathini, usimnyooshee kiganja cha salamu. Tena kuna maana ya pili: kwenye sherehe, "give them a big hand" ni wapigieni makofi mengi.

Mkono mrefu. Waingereza wana "the long arm of the law", nasi tunasema serikali ina mkono mrefu. Hapo tunakubaliana. Lakini ukimwambia Mswahili kwamba fulani ana mkono mrefu, umemwita mwizi.

Jicho. "See eye to eye" ni kukubaliana kabisa, kuwa na mtazamo mmoja. Kwetu "jicho kwa jicho" ni kisasi, ambacho Kiingereza ni "an eye for an eye". Tazameni hatari ya kihusishi kimoja: ukikosea, umeondoka kwenye mapatano ukaingia kwenye vita.

Kichwa. Dar na Nairobi tukisema "yule jamaa ana kichwa", tunamsifu kwa akili. Rafiki yangu mmoja Mkenya aliulizwa kuhusu mwenzake aliyekuwa anaomba nafasi ya kazi maabara. Kwa nia safi akajibu, "Oh, he has a big head!" Kwa Kiingereza amesema jamaa ni mtu wa majivuno. Alipaswa kusema "he has a good head on his shoulders", au kwa lugha rahisi tu, "he is very bright".

Moyo. Kwetu kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Kwa Mwingereza "broken heart" ni majonzi makubwa, na kwanza kabisa ni ya mapenzi au msiba. Ukimwandikia mwalimu kwamba alama zako za hisabati "broke my heart", ataiona barua yako kama ya mtu aliyeachwa na mchumba. Andika "I was discouraged by my marks", inatosha.

Pua. Kwetu jambo likikutokea puani, umeteseka kwa ajili yake mpaka ukajuta. Kwa Mwingereza "pay through the nose" ni kulipa bei ya kupindukia. Ingawa, mkiniuliza mimi niliyetafuta chumba cha kupanga Doha, nitasema maana zote mbili zinaweza kukutana katika mtu mmoja.

KUNDI LA TATU: WAGENI KABISA

Hizi hazina ndugu kwetu. Usikisie, kariri tu.

"Play it by ear." Hii ndiyo iliyonila. Imetoka kwenye muziki, kwa mpigaji anayefuata sikio lake bila nota zilizoandikwa. Wapenzi wa taarabu mnawajua wapigaji wa namna hiyo. Kutoka hapo ikawa na maana ya kutopanga mambo mapema, bali kuamua kadiri hali inavyokwenda. Profesa alikuwa anasema: Alhamisi tukae tayari, kibali kikifika twende, kisipofika basi.

"Get cold feet." Kuingiwa na woga dakika za mwisho, ukaghairi. Haihusiani na kiyoyozi. Nasema kutoka kwenye uzoefu.

"Give someone the cold shoulder." Kumpuuza mtu kwa makusudi, kumnunia.

"Pull someone's leg." Kumtania mtu. Profesa akikuambia kwa uso mkavu kwamba mtihani umesogezwa mbele mpaka leo saa nane, kisha akasema "I'm pulling your leg", tulia, ni utani.

"Cost an arm and a leg." Kuwa ghali mno.

"Elbow grease." Kwa wahandisi hii ni muhimu. Fundi akisema kutu ile inahitaji "some elbow grease", usiende stoo kuulizia kopo. Maana yake ni nguvu za mikono na jasho. Grisi yenyewe ni wewe.

"By the skin of one's teeth." Kuponea chupuchupu. Imetoka kwenye Biblia, kitabu cha Ayubu sura ya 19.

"A pound of flesh." Kudai haki yako bila huruma hata kama itamwangamiza mwenzako. Imetoka kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Mle ndani mkopeshaji anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake. Waliosoma tafsiri ya Mwalimu nahau hii haiwasumbui kamwe.

"Lose face." Kuaibika mbele za watu. Hii Waingereza wenyewe waliitafsiri kutoka Kichina katika karne ya 19. Kwa hiyo msijione wanyonge. Wenye lugha nao ni wanafunzi wa watu wengine.

"Rule of thumb." Kanuni ya makadirio, inayotokana na uzoefu na si hesabu kamili. Utaisikia kila siku kwenye uhandisi. Ipo stori inayozunguka sana kwamba ilitokana na sheria ya Kiingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba. Sheria hiyo watafiti wameitafuta wasiione. Nahau yenyewe ilikuwepo tangu karne ya 17, na kupima kwa dole gumba kilikuwa kitu cha kawaida. Kwa Kifaransa mpaka leo dole gumba na inchi ni neno moja. Nasi tulikuwa na mwili wetu wa kupimia: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa. Fundi wa majahazi hakuhitaji kununua rula, alizaliwa nayo.

MWILI NDANI YA MASHINE

Wahandisi wenzangu, kuna shida nyingine. Katika fani yetu viungo vya mwili si nahau tena, ni istilahi kamili. Gia ina meno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Bomba lina "elbow", yaani ile kona. Na pampu ina "head", ambayo ni kimo ambacho pampu inaweza kuyapandisha maji, tunakipima kwa mita. Maji yakipita kwenye kona hupoteza nguvu kidogo, na upotevu huo tunauita "head loss". Sasa jaribu kumtafsiria bibi yako neno kwa neno: kila kiwiko kinapunguza kichwa! Atadhani umechanganyikiwa na joto la huku.

Hata ramani ina mwili. Mmesikia Ras Laffan na Ras Abu Fontas, kwenye mitambo ya gesi, umeme na maji. "Ras" ni kichwa kwa Kiarabu, na pia ni ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini. Ndiyo rasi yetu hiyo hiyo, kama Ras Nungwi kule Unguja. Mwingereza naye anaita "headland". Lugha tatu zimetazama pwani zikaona kichwa.

NA WENYEJI WETU JE?

Itakuwa si haki kukaa Doha tukazungumzia mwili wa Mwingereza tu. Ukimwomba Mqatari jambo, anaweza kukujibu "min ayuni", kutoka machoni mwangu, au "ala rasi", juu ya kichwa changu. Maana yake ni kwamba atalifanya kwa moyo wote. Na akigusa ncha ya pua yake akasema "ala hal khashm", juu ya pua hii, amekupa ahadi ya heshima. Huku pua ni mahali pa heshima ya mtu, na ndiyo maana mnawaona wanaume wakisalimiana kwa kugusanisha pua. Mtu akiambiwa ana damu nyepesi, anasifiwa kwamba ni mcheshi. Hana upungufu wa damu, msimpeleke hospitali.

Nataja haya kwa sababu moja. Maabara yetu ina watu wa lugha saba au nane, na Kiingereza ni cha kuazima kwa karibu wote. Msiwaze kwamba ni nyinyi tu mnaopotea. Yule mwenzangu Mhindi aliyekwenda safari ile aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakuielewa barua ya profesa. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikwenda kuuliza.

UFANYE NINI UKIKUTANA NAYO?

Moja. Ukiona kiungo cha mwili mahali ambapo hakuna mgonjwa wala mwanamichezo, shtuka. Sikio kwenye ratiba, mguu kwenye bajeti, kidole gumba kwenye hesabu: hapo pana nahau.

Mbili. Tazama sentensi nzima na aliyeisema. Je, ni mkubwa anakupa maagizo, au ni rafiki anakutania? Maagizo lazima yawe na nani, wapi na lini. Ukimaliza kusoma na hujui mojawapo, hujaelewa, hata kama maneno yote unayajua.

Tatu. Uliza, lakini uliza kazi. Huna haja ya kuandika "what is the meaning of ear". Andika hivi: "Just to confirm, should I come to the lab on Thursday morning?" Hakuna profesa atakayekudharau kwa swali hilo. Wengi watakuona mtu makini. Sentensi hiyo moja ingeliweka jina langu kwenye ile makala.

Nne. Andika nahau mpya kwenye daftari pamoja na sentensi nzima uliyoisikia. Usiitumie mwenyewe mpaka uwe umeisikia kwa watu watatu tofauti. Mfano mzuri ni "break a leg", ambayo ni kumtakia mtu heri anapopanda jukwaani. Ni ya wasanii. Usimwambie mzee anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti.

Tano. Usisafirishe nahau zetu kwenda Kiingereza bila kuzikagua. Ukisema msimamizi wako ana "the hand of a kettle" utakuwa umemaliza siku yake na yako.

Sita, na hii ni kwa usalama. Ukiwa wewe ndiye unayetoa maagizo, kwenye umeme, presha au mashine inayozunguka, achana na nahau kabisa. Mwambie mtu "close this valve now". Urembo wa lugha ubaki kwenye chai.

ZOEZI

Soma sentensi hizi, useme zina maana gani. Usichungulie majibu.

1. "Keep an eye on the pressure gauge."
2. "I can't give you the figure off the top of my head."
3. "The two reviewers do not see eye to eye on your paper."
4. "We met the deadline by the skin of our teeth."
5. "Put your best foot forward at the interview."
6. "Your argument hasn't got a leg to stand on."

MAJIBU

1. Itupie jicho geji ya presha mara kwa mara. Ni ndugu wa damu.
2. Siwezi kukutajia namba hiyo hapa hapa bila kuangalia kumbukumbu.
3. Wahakiki wawili hawakubaliani kuhusu makala yako. Aliyejibu kwamba hawajawahi kuonana, arudi kundi la pili.
4. Tuliwahi siku ya mwisho kwa kuponea chupuchupu.
5. Kwenye usaili jioneshe kwa ubora wako wote. Haihusu kiatu cha kulia.
6. Hoja yako haina msingi. Ukiandikiwa hii, usikasirike, kaa chini uandike upya.

Aliyepata zote sita aandike somo la toleo lijalo, mimi nipumzike.

Mtauliza niliishia wapi na profesa. Nilikaa na ile fedheha karibu mwezi mzima. Kisha siku moja nikapiga moyo konde, nikamweleza yote: simu, bafu na kiyoyozi. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaomba radhi. Tangu siku hiyo barua zake zina saa na mahali, na safari iliyofuata nilikuwemo. Makala ile ya kwanza haikubadilika, ilikuwa imeshachapishwa. Nahau moja ya maneno manne ilinigharimu mkono na mguu, na sasa mnaielewa maana yake.

Kwa hiyo wewe uliyefika muhula huu, unayekaa nyuma darasani ukitingisha kichwa kana kwamba umeelewa, wakati moyoni unajua hujaelewa: inua mkono. Mkono wa kuuliza hauna nahau ndani yake. Ni mkono tu, na kuuliza si ujinga.

Wenye nahau zilizowala nao, za Kiingereza au za Kiarabu, wazilete tuzichambue. Haya, tukutane toleo lijalo.